Barua ya wazi kwa wakubwa wa maktaba: yule ni papa, si baba

Kwenu wakubwa wa maktaba, pamoja na nyie mnaosimamia ule mradi wa kunakili barua za zamani mtandaoni,

Salamu nyingi. Sisi huku Tanga wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu nyie mlio mbali. Bibi hajambo, watoto hawajambo, steshenari inasukuma siku. Mwenye jambo ni mradi wenu, na ndo maana nimeamua kuandika hadharani, maana imeli tatu nilizotuma zote zimejibiwa na ile mashine inayosema asante kwa mchango wako tutakurudia ndani ya siku tano za kazi. Hizo siku tano za kazi leo zina miezi saba. Jina la maktaba sitalitaja, mnajijua.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Nina kijiduka cha steshenari, natoa fotokopi, nalaminisha vyeti, nachapa barua za watu wa mirathi na viwanja. Miaka miwili iliyopita mteja kaniletea karatasi nimtolee kopi, naangalia ni picha ya barua ya zamani ya herufi za Kiarabu, chini pana anwani ya mtandao wenu. Usiku ule ule nikaingia nikakuta mna barua za Pangani, Tanga, Unguja, Lamu, zimepigwa picha safi kabisa mpaka unaona kalamu ilipochovywa wino upya, na mnatafuta watu wa kujitolea wazisome na kuziandika kwa herufi za kirumi. Nikajiunga. Mpaka leo nimemaliza kurasa 212, sijalipwa senti na sidai senti, hilo tuliweke pembeni kabisa mtu asije akasema huyu anatafuta hela.

Ila ukweli ni kwamba mimi ni vidole tu. Msomaji ni Bibi.

Bibi yangu mzaa mama ana miaka 86. Shule ya serikali hakuikanyaga. Chuoni kwa Kurani alikanyaga tangu alifu kwa ujiti mpaka akahitimu, na kama wanawake wengi wa rika lake huku pwani akazichukua zile zile herufi akazitumia kwa Kiswahili chake: barua kwa dada yake aliyeolewa Unguja, mashairi ya harusini, na daftari la madeni maana ameuza vitumbua miaka arobaini na daftari lile ukilifungua huoni hata herufi moja ya kizungu. Akienda kuchukua hela anapiga dole gumba. Kwenye fomu wanamwandika hajui kusoma wala kuandika. Basi huyo asiyejua kusoma ndo anayewasomea nyie barua zenu, kila Alhamisi baada ya alasiri, simu kaishika mbali kidogo na uso, anavuta picha kwa vidole viwili, tena anasoma huku anakosoa, "huyu mwandiko wake kama kuku kaparura, huyu kafundishwa vizuri, huyu alikuwa na haraka."

Sasa tuje ukurasa wa 41.

Mfanyabiashara yuko Pangani, anamwandikia mwenzake Unguja. Anaanza kama wote walivyoanza, mistari miwili ya Kiarabu ya kumheshimu mtu, ila janabi sheikh fulani, halafu wa baada, halafu Kiswahili kinamiminika. Anasema jahazi limeingia, zimefika frasila thenashara za kitu. Hicho kitu kimeandikwa be, alifu, be, na fataha zake juu, zile alama za sauti a. Bibi akasoma "papa" wala hakusita, mbele panatajwa chumvi na panatajwa jahazi la Arabuni, na papa mkavu aliletwa sana na majahazi ya kaskazi, hata yeye utotoni amemla. Nikaandika papa. Nikaweka mabano, nikaeleza kwa ufupi kwamba herufi iliyopo ni be lakini neno ni papa, na kwa nini.

Wiki mbili baadaye naingia naona mhakiki wenu kafuta mabano yote, kabadilisha neno, kaweka ile alama ya kijani ya kumaliza. Barua sasa inasema zimefika frasila thenashara za baba.

Nikamsomea Bibi. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Frasila thenashara? Baba gani mzito hivyo?" Frasila moja ni kama kilo 16, na thenashara ni kumi na mbili kwa mnaosoma mkiwa na umri wangu kushuka chini, haya piga hesabu, baba wa kilo 190 na ushee kapakiwa kwenye jahazi na chumvi yake. Tulicheka sana. Lakini ukurasa umefungwa, siwezi tena kuugusa, na mtu yeyote akitafuta papa kwenye mkusanyiko wenu papa hayupo, ukitafuta baba unaletewa samaki.

Najua huyo mhakiki hakufanya ubaya. Alifuata mwongozo. Mwongozo wenu unasema andika unachokiona, usiongeze, usipunguze, na pembeni pana jedwali, be ni b, fe ni f, mnamaliza. Kwa Kiingereza ni sheria nzuri tu. Pale University College London walianza mwaka 2010 kuwagawia watu wa kawaida karatasi za yule mwanafalsafa wao Jeremy Bentham, mwandiko wa kuumiza macho, na watu wakazisoma. Library of Congress ya Marekani nayo ilianza mradi wake 2018, huyu anaandika, mwingine anahakiki, mambo yanakwenda. Yanakwenda kwa sababu aliyeandika na anayehakiki wote lugha wanaijua, tena herufi yenyewe ikishatambulika imetambulika, haikugeukii. Nyie mmeuchukua utaratibu ule mkaushusha kwetu mzima mzima bila kuuliza nguo hii inamkaa nani.

Hebu niwaeleze tena, ingawa kwenye imeli ya kwanza nilieleza. Kiarabu hakina p, hakina v, hakina ng' wala ny. Wazee wetu waliazima zilizopo. Be ikabeba b, ikabeba p, ikabeba mb. Fe ikabeba f na v. Ghaini ikabeba g na ng na ng'. Irabu ziko tatu tu, kwa hiyo e na i wanalala kitanda kimoja, o na u hivyo hivyo. Be alifu be inaweza kuwa baba, papa, pamba, hata bamba. Wapo walioongeza nukta, wakachukua ile pe ya Kiajemi ya nukta tatu, lakini si wote na wala si kila siku, mtu mmoja katika barua moja juu kaweka nukta chini kasahau. Aliyeandikiwa hakusumbuka hata kidogo, kwa sababu Kiswahili ni chake na anajua anangoja mzigo gani. Kwa hiyo kusoma hati hizi ni kujua lugha kwanza, jicho baadaye. Mtu asiyejua Kiswahili "anachokiona" pale hakipo, anaona kokwa anadhani ndo embe.

Na si kwamba mimi sikosei. Kuna barua niliandika mwenyewe "niletee shoka ishirini", nikawa na hakika kabisa, maana nilishaona mahali wanazungumzia kukata miti. Bibi akaniambia rudi nyuma mstari mmoja. Nyuma pameandikwa kaniki. Mtu anayeagiza kaniki anaagiza na shuka, si shoka. Shoka na shuka kwenye hati ile ni kitu kimoja, hata darubini haikusaidii, kinachokusaidia ni kujua kwamba kaniki ni nguo.

Hili wala si geni, huko kwenu mngefungua makabati yenu wenyewe mngeliona. Mwishoni mwa karne ya 19 William Taylor, mmisionari, alipotaka mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, hakukaa peke yake na jedwali. Alikaa na Mwalimu Sikujua, ambaye ndiye aliyeyakusanya na kuyaandika, na karatasi zile ziko London mpaka leo. Lamu kulikuwa na Muhamadi Kijuma, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya miswada kwa mwandiko ambao Bibi nilipomwonyesha alisema "huyu ndo mtu." Miaka ya 1960 msomi wa Kiingereza J.W.T. Allen alizunguka pwani nyumba kwa nyumba, na miswada iliyopatikana iko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wote hao walijua bila mwenyeji huendi popote. Nyie wenyeji mmewapata, tena bure, wamekuja wenyewe usiku kwa bando lao, halafu mnafuta mabano yao.

Hilo la papa ni la kuchekesha. La tarehe halichekeshi.

Kuna barua nyingine, ya Pangani pia, fupi, nusu ukurasa. Anamwambia mwenzake asitume mzigo kwanza, mji haujatulia, asubiri habari. Chini tarehe: mfunguo tatu, 1305. Kwenye maelezo yenu ya Kiingereza mtu kaandika kwamba barua inataja "funguo tatu". Funguo! Za kabati sijui. Jamani mfunguo tatu ni mwezi, ni Dhulhija, huku kwetu tukitoka Ramadhani tunahesabu mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, mtoto wa darasa la kwanza wa Tanga angewaambia. Halafu kwenye sanduku la mwaka mmejaza 1305, hivyo hivyo, mwaka wa kizungu. Barua inazungumzia rupia na stima na mmeiweka kabla yule msafiri Ibn Batuta hajafika Kilwa, maana yeye kafika 1331.

Mfunguo tatu wa 1305 ni mwezi wa nane na siku chache za wa tisa mwaka 1888. Sasa mwulize yeyote anayejua historia ya Pangani mwezi wa nane 1888 kulikuwa na nini. Ndo kampuni ya Wajerumani inapandisha bendera yake, ndo vita ya Abushiri inaanza, ya watu wa pwani kuwapinga, na Desemba 1889 Abushiri kanyongwa pale pale Pangani. Na hapa mnayo barua ya mtu wa kawaida, mfanyabiashara, si mwanajeshi si mkubwa wa kampuni, anasema kwa Kiswahili chake mji haujatulia usilete mzigo. Mtu anayeandika kuhusu Abushiri akitafuta 1888 kwenu hataipata mpaka kiama. Iko kule karne ya 14 inalinda funguo tatu.

(Na kuna nyingine stima imefika saa mbili asubuhi, maelezo yenu yanasema usiku wa manane. Hiyo nimeiacha, nimechoka.)

Kilichonifanya nisingoje tena ni tangazo lenu la mwezi uliopita, kwamba kurasa zote zenye alama ya kijani zitatumika kuifundisha kompyuta isome hati hizi yenyewe. Mimi siipingi kompyuta. Wasomaji wa hati hizi wanapungua, Bibi jicho la kushoto limeshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na la kulia linasubiri, na wajukuu zake wote isipokuwa mimi hawajui hata kuishika kalamu upande ule. Kama mashine itasaidia isaidie. Lakini mashine inajifunza kile unachoilisha, mkiilisha baba wa frasila thenashara itawatemea baba kwenye kila barua ya biashara kuanzia Lamu mpaka Kilwa, na safari hii hakuna mabano ya kufuta, kosa litakuwa limeshaingia kwenye damu. Kwa hiyo naomba, kabla hamjailisha, simamisheni kwanza zile kijani za Kiswahili. Zirudini.

Ninachotaka hasa ni kidogo mno hata naona aibu kukiombea barua ndefu hivi. Wekeni mistari miwili. Mstari wa kwanza herufi kama zilivyo, be ibaki be, na mruhusu tuichape kwa herufi zake yenyewe za Kiarabu maana kisanduku chenu sasa hivi nikichapa pe ya nukta tatu kinanigeuzia alama ya kuuliza. Mstari wa pili jinsi inavyosomwa, papa. Na pawe na pa kusema kwa nini, na pale pasiguswe na mtu asiyejua Kiswahili, hata kama ana digrii nne. Mhakiki wa kurasa za Kiswahili awe mtu anayekisema. Mkikosa watu semeni, hapa Tanga tu kwa kubisha hodi madirishani naweza kuwapatia watu, na Unguja, Mombasa na Lamu mtajaza basi.

Mengine nayasema haraka haraka. Ukurasa wenu unanitoa nje kila baada ya dakika ishirini kwamba nimelala. Sijalala, Bibi anasoma. Anasoma mstari, anakumbuka jambo, anasimulia, anarudi kwenye mstari, na mimi nikibonyeza kuhifadhi naambiwa niingie upya na nilichoandika kimekwenda na maji, siku hizi naandika kwanza kwenye daftari kama mtu wa mwaka 1888. Picha zenu nzito, wekeni na nyepesi ya simu. Mistari miwili ya salamu za Kiarabu isiwafanye mwiite barua nzima ya Kiarabu, nimekuta kama kumi na tano za hivyo na Kiswahili kimo ndani kinapumua.

Halafu akaunti. Sheria yenu mtu mmoja akaunti moja, na akaunti inataka imeli, na Bibi hana imeli. Kwa hiyo zile kurasa 212 zina jina langu. Mwisho wa mwaka mkanitumia cheti cha shukrani, nikakiprinti hapo hapo dukani, nikampelekea. Akakigeuza geuza, akauliza kimeandikwa nini, nikamsomea. Akasema vizuri. Akakiweka chini ya mto, hakusema tena. Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo naliandika taratibu. Si kila barua Bibi amekubali kuisoma. Ipo moja, mtu anamtafuta mtumwa wake aliyekimbia, anataja jina la huyo mtu na anataja alikokimbilia, na jina la mwandishi ni la ukoo ambao upo mpaka leo, tunazikana nao, na huko alikokimbilia pia wapo watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 lakini barua ile ni ya baadaye kidogo, mambo yalikuwa bado yanaendelea. Bibi alifika katikati akanirudishia simu, akasema "hii isomwe, lakini si kwa kuchungulia, waitwe wenyewe kwanza." Nimefikiria sana maneno yale. Sisemi mzifiche, historia ile ni ya kweli na waliofanyiwa wana haki ya kujulikana kuliko yeyote. Ila kwenye mfumo wenu hakuna mahali pa kusema ngojeni, hii inagusa watu walio hai, tuongee nao kwanza. Kuna kitufe cha kumaliza na kitufe cha kuruka. Nimebonyeza kuruka. Mtu mwingine ataifungua kesho na ataandika anachokiona.

Najua mtasema bajeti, najua mtasema mfumo ulitengenezwa na kampuni. Basi hata hiyo mistari miwili ikichelewa, ufungueni ukurasa wa 41 leo, ni kazi ya dakika moja, huyo papa arudi baharini kwake. Na jina la Bibi nitawapa yeye akikubali, mliandike pale panaposema imesomwa na.

Nawasubiri. Alhamisi tupo.

Wasalaam. Ameisoma Bibi kwa macho yake, nimeiandika mimi kwa mkono wangu.

Tanga, mfunguo tatu, 1446. Na hii nayo msije mkaiweka karne ya 15.